Mwaka Niliopika Tangawizi Masumbwe

Mwezi uliopita tuliosoma pamoja tulikutana Shinyanga mjini, kwenye ukumbi wa kukodi, kula wali na kuangaliana nani kazeeka. Esta, rafiki yangu wa darasani, ndiye aliyeniingiza kwenye kundi la simu, maana waliolianzisha walikuwa wamekubaliana kwamba kundi ni la waliohitimu, na mimi, Minza, sikuhitimu nao. Nilifika nimevaa kitenge kipya na viatu vinavyobana. Mlangoni binti wa kupokea watu akaniuliza, "Mama, wewe ni mhitimu au umemsindikiza baba?" Nikamwambia baba yuko nyumbani anaangalia mpira. Akanipeleka upande wa wasindikizaji, nikakaa kati ya waume za watu na wake za watu, nikanywa soda yangu. Baadaye mshereheshaji, mwanamume aliyekuwa akinakili hesabu zangu tukiwa kidato cha tatu, akatangaza kwamba wahitimu wote wasimame wapigwe picha, na kwamba tuwakumbuke katika sala wenzetu waliofariki na wale waliopotelea njiani. Nilisimama. Nilikwenda nikajipanga mstari wa mbele, katikati, ubavuni mwa Esta. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Huyu si yule?" Esta akajibu bila kugeuka, "Ndiye." Picha ikapigwa, na kwenye picha hiyo mimi peke yangu ndiye ninayecheka.

Sikupotelea njiani. Aliyepotea hajui aliko, na mimi nilijua vizuri nilikokuwa. Nilikuwa Masumbwe, nyumbani kwa Mama Shabani, ninapika tangawizi ya sukari. Wenzangu waliutumia mwaka ule kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Mimi niliutumia kujifunza kusema sitaki, na naona hadi leo kwamba somo langu lilikuwa gumu kuliko la kwao.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu nilichelewa kuanza shule kama wasichana wengi wa vijijini wakati ule. Shule ilikuwa upande wa Mhunze; jina lake silitaji, majengo hayana kosa. Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha, alikuja muuguzi kutupima wasichana wote kama ilivyokuwa desturi. Tulipangwa mstari nje ya ofisi, tukaingia mmoja mmoja, akatuminya matumbo kama mtu anayenunua mapapai. Mimi alinikalisha kando. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuhitaji kuipandisha, akanipigisha magoti kwenye sakafu ya ofisi yake na kuniuliza mimba ni ya nani. Nikanyamaza. Nikafukuzwa, na nyumbani baba aliniuliza swali lilelile, nikanyamaza vilevile. Na wewe unayesoma najua unangoja jibu. Alikuwa kijana wa rika langu, nilimpenda, hakunilazimisha, na habari zake zinaishia hapa. Sikumtaja nikiwa nimepigishwa magoti, sitamtaja leo nikiwa nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe. Baba aliposema hawezi kula chakula chini ya paa moja nami, mama alinifungia nguo kwenye kanga, akanipandisha basi la kwenda kwa mdogo wake, Nkwimba, aliyekuwa amepanga chumba Masumbwe na kuuzia chakula wachimbaji. Nilitapika Shinyanga, nikatapika Kahama, na Masumbwe nilishuka nimeshika ndoo ya kondakta.

Nyumba ya Mama Shabani ilikuwa ya bati, yenye korido ndefu na vyumba pande mbili, na kuta zake hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupita paka, kwa hiyo chochote kilichosemwa chumba cha kwanza kilisikika chumba cha mwisho, na wapangaji walikuwa wamezoea kusali, kugombana na kuhesabiana makosa mbele ya hadhira. Chumba cha mama mdogo kilikuwa na kitanda kimoja, gunia la mchele, masufuria makubwa yaliyopangwa moja ndani ya jingine, na harufu ya vitunguu isiyotoka hata ukifungua dirisha. Yeye aliondoka alfajiri kwenda machimboni na kurudi jua limeinama. Mimi nilibaki na ndoo. Hakuna kilichokaa tumboni, si uji, si chai, si maji. Nikawa nakaa uani karibu na bafu, nimeegemea ukuta, nikisikiliza mashine za karasha zinavyosaga mawe huko mbali.

Siku moja mwenye nyumba alitoka jikoni kwake akanikuta hapo. Alikuwa mwanamke mnene, wa watu waliotoka Tabora zamani na biashara zao wakazaliana na Wasumbwa mpaka wakawa wenyeji, na alitembea kwa kujivuta kama anayekagua mali. Nilitaka kuinuka nimwamkie, akanizuia kwa mkono. Hakuniuliza mimba ni ya nani. Alirudi ndani, akatoka na kipande kidogo cha rangi ya asali kilichogandiwa na sukari.

"Weka chini ya ulimi," akasema. "Usitafune. Ukitafuna utaniona adui."

Kwanza nilisikia sukari tu. Kisha moto ukaanza taratibu pembeni mwa ulimi, ukapanda puani, macho yakanitoka machozi, na nikahisi kama mtu amenifungulia dirisha kifuani. Nilikaa nikisubiri kutapika. Sikutapika. Jioni ile nilikula ugali na dagaa, nikaomba tena, na mama mdogo akanitazama kama nimefufuka. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, hata hotelini Dar es Salaam kwenye meza zenye vitambaa, lakini sijawahi kushukuru kitu mdomoni kama kipande kile.

Kesho yake nilikwenda kumwomba Mama Shabani kingine, akasema hana kazi ya kulisha watu wazima wenye mikono. Kama nataka, nije nimenye. Alikuwa akipika tangawizi hiyo kwa ajili ya nyumbani tu, Ramadhani na Idd na wageni wakija, kama mama yake alivyokuwa akipika, na kwa kweli alikuwa akipika zaidi kwa ajili yake mwenyewe, maana baada ya swala ya alasiri alitandika mkeka kwenye kibaraza, akajimiminia kahawa chungu, akajiwekea kisahani chake cha tangawizi pembeni, na hapo hata mpangaji aliyeleta kodi aliambiwa asubiri. Tangawizi yenyewe ilitoka Kigoma kwa magunia. Alinifundisha kuchagua changa, yenye ngozi nyembamba inayong'aa, maana iliyokomaa sana ina nyuzi na mtu anabaki anatafuna kamba. Ngozi haikumenywa kwa kisu bali ilikwanguliwa kwa ukingo wa kijiko, ili nyama isipotee. Kisha kukata vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi, kuchemsha, kumwaga maji, kuchemsha tena mpaka ukali upungue na kipande kikubali kutobolewa kwa uma. Maji ya kwanza hayakutupwa. Yalikuwa chai ya nyumba nzima. Ndipo sukari iingie, nyingi kama tangawizi yenyewe, na maji kidogo, moto mdogo wa mkaa, na mpishi asiende popote. Vipande vinaanza kupenya mwanga. Shira inakuwa nzito, mapovu yanakuwa makubwa na mavivu, na ghafla, kwa muda mfupi mno, mwiko unahisi mchanga. Hapo unaepua na kugeuza kwa nguvu zako zote, sukari inarudi kuwa chembechembe na kujishika kwenye kila kipande. Ukichelewa inaungua. Ukiwahi inabaki kunata na nzi wote wa Masumbwe wanahamia kwako.

Sufuria langu la kwanza niliwahi kuliepua. Mama Shabani aliionja, akasema, "Hii ni gundi," akaila yote. Alikuwa mchoyo wa sukari, mgomvi, na mwenye kuingilia habari za watu, na alikuwa ameolewa mara tatu akawaeleza waume wote watatu kwa neno moja, "walipita." Sitaki umdhanie malaika. Lakini jikoni kwake sikuwahi kuambiwa niliharibu maisha yangu, na hapo ndipo mahali pekee ambapo sikuambiwa.

Nililosikia kupitia juu ya ukuta ndilo lililonitoa jikoni na kunipeleka sokoni. Ilikuwa adhuhuri, nimelala, mama mdogo amerudi mapema kwa sababu duara moja, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limeingia maji na wachimbaji walikuwa hawana hela ya kula. Alikuwa chumbani kwa mwenye nyumba. Alisema kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini.

"Dada, mimi nimechoka kuulizwa. Kanisani wananiuliza, machimboni wananiuliza. Afadhali akae ndani mpaka ajifungue. Au ajifunge kanga kubwa, watu wasilione."

"Tumbo si jipu, la nini kulifunika?" Mama Shabani akajibu. "Na ndani kwangu hakai mtu anayekula bure. Akauze."

"Akauze nini?"

"Anachopika. Mimi siwezi kula yote, sukari itaniua."

Wakacheka wote wawili, na nilivyolala pale nikitazama bati, nilijiuliza kwa nini kicheko kile hakikunichoma. Nadhani ni kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu muuguzi animinye tumbo, watu walikuwa wakinizungumzia kama mtu mwenye kesho.

Basi nilianza kuuza, vipande vitatu vitatu kwenye karatasi iliyosokotwa, kwenye sinia kichwani. Nguo yangu nzito ilikuwa moja tu, sweta ya shule, ya bluu, yenye nembo kifuani, na asubuhi za Masumbwe zina ubaridi. Nikaivaa. Mama mdogo aliniomba niivue, au angalau niibandue nembo. Nilikataa. Sweta ile ilinunuliwa kwa pamba ambayo mimi na mama tuliivuna kwa vidole vyetu. Shule ilinitoa mimi, sweta haikuwa yao. Tumbo lilivyokua nembo ilivutika mpaka maneno yakasomeka kwa mbali. Wanawake wa nyanya walikuwa wakinyamaza nikipita na kuendelea nikishapita. Mmoja aliniambia waziwazi, "We binti, huoni haya?" Nikamwuliza anataka ya sukari nyingi au ya kiasi. Alifungua pindo la kanga. Alinunua ya kiasi.

Wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa karasha, wanaosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na kutoka weupe kama waliopakwa unga. Vumbi lile linakaa kooni. Waligundua kwamba ukinyonya kipande cha tangawizi unaweza kukohoa likatoka, wakawa wananingoja. Walikuwa na utani mbaya, si haba, lakini utani wa mchimbaji unaishia palepale uliposemwa, haupelekwi kanisani. Mmoja wao, mwenye jino moja la dhahabu, aliniuliza nitamwita mtoto nani. Wengine wote walikuwa wameniuliza baba yake ni nani. Nilimwongezea kipande.

Siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nachambua tangawizi, nikazima jiko, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na kazi yake ni kuniambia nipunguze sukari, alinifuata akidhani nimepata msiba. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa vya haki. Watu hupenda kuniambia kwamba yote yalikuwa mipango ya Mungu, kwamba nisingefukuzwa nisingekuwa na biashara hii wala nisingefanya mtihani baadaye kwa kujitegemea na kufaulu. Huwa nawajibu kwamba Mungu asisingiziwe. Nilikuwa wa pili darasani. Ningeweza kupata shule na tangawizi, vyote.

Baba alikuja Masumbwe kiangazi kile, majani yamekauka na vumbi la barabarani limefika mpaka kwenye vyombo. Alikuja na mshenga, binamu yake mwenye fimbo. Waliingia uani kwa mlango wa nyuma wakanikuta mbele ya jiko, mwiko mkononi, shira ikianza kuwa nzito. Nilipiga magoti kama nilivyolelewa, nikamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila."

Alitazama tumbo langu, kisha akatazama mkaa. Mshenga akaanza kusafisha koo. Nilijua mazungumzo ya namna ile yanavyokwenda. Yanaanza na mvua, yanapita kwenye mifugo, yanafika. Lakini mwiko ulikuwa umeanza kuhisi mchanga.

"Naomba mnisamehe kidogo," nikasema. "Nikiacha sasa itaungua."

Nikaepua, nikageuza. Ni kazi ya mabega, na mimba ilikuwa kubwa, na nilikuwa natoka jasho mbele ya baba yangu, naye amesimama, kofia mkononi, hana pa kukaa, akimsubiri mtoto wa kike amalize kazi yake. Hakuwahi kunisubiri kabla ya siku ile. Mama Shabani alitoka na vigoda viwili, akaviweka chini bila kusema kitu, akarudi mlangoni kwake akaegemea mwimo. Vipande vilipokauka nilivimwaga kwenye ungo, nikachagua vizuri, nikavipanga kwenye sahani, nikawawekea. Mshenga alichukua kimoja, akakohoa, akachukua kingine. Baba hakugusa.

"Kuna mtu kijijini," baba akasema, "amekubali kukuchukua kama ulivyo. Ana ng'ombe na ana nyumba. Mtoto atakuwa wake. Maneno ya watu yataisha."

"Kama nilivyo nikoje, baba?"

"Usinijibu hivyo."

"Nauliza nijue. Mtu huyo ana wake wangapi?"

Mshenga alisema wawili, tena watu wazuri sana, na kufikia hapo alikuwa kwenye kipande cha nne.

Nilikuwa nimepiga magoti tena kuwawekea sahani. Salamu hutolewa kwa magoti, na sikuwa nimesahau heshima hiyo. Lakini nililotaka kusema halikuwa salamu. Nikashika ukuta, nikainuka, nikasimama wima.

"Sitaki, baba."

"Sijakuuliza kama unataka."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia kabla hujaniuliza."

Nyuma ya madirisha wapangaji wote walikuwa wameacha shughuli zao. Mtu alikuwa akisonga ugali na mwiko wake ulikuwa umesimama. Baba aliniuliza nani atanilisha. Nikamwonyesha ungo. Akasema nisikanyage kwake. Nikamwambia nitakanyaga, kwa sababu kule ni kwa mama yangu pia. Alinitazama, na niliona kwamba hakuwa na hasira tu, alikuwa na hofu. Ng'ombe wale wa mahari alikuwa ameshawaona moyoni wakiwa zizini kwake. Alivaa kofia akatoka. Mshenga alibaki nyuma kidogo, akajifungia vipande kwenye leso, akasema, "Hii kitu ina dawa," akamfuata.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikiwa naosha sufuria, na nilichukia kwamba nililia. Mama Shabani aliniambia nisimwage chumvi kwenye vyombo vyake. Baba alinyamaza nami miaka mingi. Kifua kilipoanza kumsumbua uzeeni alimtuma mama aniombe tangawizi, nikapika iliyo bora kuliko zote nilizowahi kupika, nikampelekea mwenyewe. Alikula kimoja nikimtazama, akasema, "Kali." Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba, na tulikaa pamoja mpaka jua likazama tukizungumza habari za mvua.

Mtoto alizaliwa siku mvua ya kwanza ilipopiga bati la zahanati mpaka mkunga akawa anapaza sauti ili nimsikie. Mama mdogo alikuwa na majina tayari, yote ya majuto: Tabu, Shida, Sikujua. Nilimwambia mtoto huyu hakuja duniani kunikumbusha kosa. Nikamwita Kabula, jina la mvua. Mama Shabani alisema ni jina la Kisukuma mno, akamwita Asha kwa faragha mpaka alipokufa, na Kabula aliitikia yote mawili. Arobaini yangu ilisimamiwa vikali. Nilikunywa uji wa pilipili manga na maji ya tangawizi mpaka nikatoka harufu ya duka la viungo.

Arobaini ilipokwisha, dada yake Esta, aliyekuwa akifanya biashara Kahama, alipita na habari kwamba mahafali ya kidato cha nne yamepangwa. Alizitoa kama habari tu. Mimi nilikwenda jikoni nikaanza kukwangua tangawizi.

"Ya nini yote hiyo?" Mama Shabani akauliza.

"Mahafali. Wazazi watakuwa wengi."

Akakaa kwenye kigoda. "Minza, unakwenda kutukanwa."

"Nakwenda kuuza."

"Uza hapa. Hapa watu wameshakuchoka, hawakutukani tena. Kule utaanza upya."

"Mama, nilikaa miaka mitatu na kitu pale. Siku ya kuondoka niliondokea mlango wa nyuma, watu wasinione. Safari hii nitakuwa mbele."

Hakukubaliana nami. Alisema kiburi changu kitanipeleka pabaya, alisema mtoto bado mchanga, alisema mengi, na wakati akisema alikuwa akinipimia sukari kutoka kwenye kopo lake mwenyewe, ile aliyokuwa akiificha nyuma ya Kurani. Nilipika kutwa. Nililala Kahama kwa dada yake Esta, na asubuhi ya mahafali nilishuka kwenye gari nikiwa na Kabula mgongoni na beseni limefunikwa kitambaa cheupe.

Nje ya lango palikuwa na wauza mashada ya karatasi za kumetameta, wauza soda, wauza maandazi. Nilipindua ndoo niliyoazima kwa muuza soda, nikaikalia katikati yao, uso kwa uso na lango. Mlinzi alikuwa yuleyule, Mzee Luhende, aliyenifungulia mlango ule wa nyuma siku ile niliyofukuzwa na kujifanya anatafuta ufunguo kwa muda mrefu ili nipate kufuta uso. Alikwenda akarudi.

"Mwalimu mkuu anasema uondoke."

"Mwambie nimesikia, mzee."

"Mimi nimeshakuambia," akasema, akachukua kipande, akarudi kwenye kiti chake.

Baadaye mwalimu mkuu alitoka mwenyewe. Wauza soda wakasogeza makreti yao kumpisha. Nilisimama, nikamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unawafundisha nini wenzako, Minza?"

"Sifundishi, mwalimu. Nauza tangawizi."

"Hapa ni shule."

"Shule inaishia langoni. Hapa nilipo ni barabara."

Sauti yake haikupanda, kama kawaida yake. Ya kwangu pia haikupanda, na hilo nilijifunza kwake, sitamnyima. Akamtazama Kabula aliyekuwa amelala shavu juu ya mgongo wangu.

"Ni wako?"

"Wangu."

"Anaitwaje?"

"Kabula."

Aliinua mkono kidogo, kama mtu aliyetaka kugusa kitu akakumbuka yuko mbele za watu. Ndani wakamwita, mgeni rasmi amefika. Aliondoka bila kununua, na sikutaka anunue.

Kipaza sauti kilitusomea sisi tuliokuwa nje sherehe yote. Mgeni rasmi alizungumza juu ya maadili kwa muda mrefu sana. Alikuwa amefika kwenye wasichana wasiojitunza Kabula alipoamka na njaa. Nilimfungua mgongoni, nikamnyonyesha palepale, juu ya ndoo, uso wangu langoni. Muuza mashada alitaka kunikinga kwa kanga yake. Nikamshukuru nikamwambia hakuna haja.

Kisha wakatoka, wamevaa majoho, wazazi wakicheza mbele yao na vigelegele. Esta aliniona kwanza. Aliacha ndugu zake waliokuwa wakimrushia maua, akaja moja kwa moja, akamchukua Kabula mikononi mwangu, akageukia wenzake. "Njooni," akasema, "Minza yuko hapa." Wapo waliokuja. Wapo ambao mama zao waliwashika mikono na kuwapitisha upande mwingine, na mmoja alimwambia binti yake asiguse kile kitoto. Mama mwingine, nisiyemjua, akaja akanunua karatasi kumi bila kuomba nimpunguzie. Wasichana wa darasa langu walisimama kunizunguka, majoho yao yakiburuta vumbini, wakinyonya tangawizi na kutoka machozi na kusema ni ya ukali wake, na Kabula akapita mkono kwa mkono mpaka kwa wa mwisho na kurudi.

Hata baada ya magari kuondoka nilibaki, kwa sababu beseni lilikuwa bado na vipande. Mwalimu mkuu alitokeza mara moja langoni, akanitazama, akarudi ndani. Wanafunzi wa madarasa ya chini waliokuwa wakifagia ua walikuja na sarafu zao, nikawauzia mpaka beseni likabaki na chembe za sukari tu. Nikazipangusa kwa kidole, nikazilamba. Nikamfunga Kabula mgongoni, nikaweka beseni tupu kichwani, nikashika njia ya kwenda stendi. Nilitembea katikati ya barabara, si pembeni, na mwenye baiskeli aliyekuja mbele yangu ndiye aliyepisha.